Kola ya Umeme Shingoni mwa Mbwa: Nani Ashike Rimoti?

Katika mageti mengi ya Afrika Mashariki limeandikwa kosa moja la sarufi, tena kwa herufi kubwa nyekundu: MBWA KALI. Wanafunzi wa mwaka wa pili hulitambua upesi. Shoka ni kali, panga ni kali, lakini mbwa ni mkali, kwa sababu jina la kiumbe chenye uhai hufuata upatanisho wa A/WA hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Mbwa huyu mkali amelala. Mbwa hawa wakali wamelala. Hapa Dzaleka wapo waliolelewa na Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu, ambao husema imbwa na kumpatanisha wapendavyo, nami siwagombezi sana. Ila nataka kila msomaji wangu akumbuke fungu ambalo sarufi imemweka mnyama huyu: hayumo pamoja na panga na shoka, yumo pamoja na mtu, ng'ombe na ndege.

Nimeanza na sarufi kwa kuwa leo nataka kuzungumzia kifaa kinachomfanya mbwa aendeshwe kama redio. Ni kola ya umeme, yaani ukanda wa shingoni unaompiga mbwa kwa umeme ili aache jambo fulani au atii amri. Mjini Lilongwe, ambako nyumba za wenye nacho zimezungushiwa kuta ndefu na kwenye geti mtu husoma maneno ya Kichewa galu wolusa, mbwa wa ulinzi ni sehemu ya nyumba kama ilivyo kufuli. Mwenye simu na pesa anaweza kuagiza kola hiyo kutoka ng'ambo ikamfikia bila kuulizwa swali hata moja: ana mbwa wa namna gani, mbwa huyo ana umri gani, nani atakayekishika kidude cha kubonyeza. Kitu kinachouzwa bila maswali kinastahili kuulizwa maswali na raia wenyewe.

Kifaa chenyewe si kigumu kukieleza. Ni ukanda uliobeba kisanduku chenye betri na kipokezi cha redio. Upande unaogusa shingo umechomoza vijiti viwili vifupi vya chuma. Mwenye mbwa hushika rimoti. Akibonyeza kitufe, umeme hupita kutoka kijiti kimoja hadi cha pili kwa njia ya ngozi na misuli ya shingo. Kola nyingi zina ngazi za nguvu, tangu mguso hafifu hadi maumivu ya kumliza mbwa, na nyingi zina pia kitufe cha mlio na cha mtetemo, ambavyo havina umeme. Ipo aina ya pili isiyohitaji mkono wa mtu: mbwa akibweka, kola huhisi mtikisiko wa koo na kumpiga yenyewe. Ipo na ya tatu, inayoshirikiana na waya uliofukiwa kuzunguka uwanja. Mbwa akiukaribia mpaka husikia mlio, akiuvuka hupigwa. Vifaa hivi vilienea kwanza Marekani miongoni mwa wawindaji, ambao mbwa wao walikuwa mbali nao porini na hawasikii sauti. Shida yao ilikuwa umbali. Uwanja wa nyumba ya Area 10 hauna umbali huo, sembuse kibaraza cha nyumba ya matofali ya udongo hapa kambini.

Wauzaji hawapendi kusema kwamba kinaumiza. Husema kichocheo, ishara, mguso. Katika fasihi tunaiita tafsida, yaani kupunguza makali ya jambo kwa neno laini, na tafsida ina mahali pake pa heshima tunapotaja kifo au maungo ya siri. Katika tangazo la biashara tafsida ina kazi nyingine. Ukitaka kujua ni mguso gani, vijiti vile vya chuma viguse kiganja chako, mwambie mwenzio abonyeze ngazi ile ile anayokusudia mbwa aipate, kisha utafute wewe mwenyewe jina lake.

Kuna maneno mawili ambayo sikio la mwanafunzi huyachanganya: kuadibu na kuadhibu. La kwanza linatokana na adabu. Kumwadibu mtu ni kumlea hadi ajue mwenendo mwema. La pili linatokana na adhabu. Kumwadhibu ni kumtia maumivu au hasara kwa kosa alilotenda. Mizizi yake katika Kiarabu ni tofauti kabisa, hata kama Kiswahili kimeyaweka jirani kiasi cha kutenganishwa na sauti moja. Kola ya umeme huuzwa kwa jina la kuadibu na hufanya kazi ya kuadhibu. Ninasema hivyo kwa sababu haina njia ya kumwambia mbwa afanye nini. Humwambia tu kwamba jambo fulani, wakati huu, mahali hapa, limeleta maumivu. Ni jambo lipi? Hapo ndipo mashaka yote yalipo.

Mwaka 2007 watafiti wa Hannover, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu mbwa 14 wa aina ya beagle. Kundi moja lilipigwa umeme pale tu mbwa alipogusa windo la bandia. Kundi la pili lilipigwa liliposhindwa kutii amri ya kurudi. Kundi la tatu lilipigwa ovyo, bila mpango wowote. Waliopigwa ovyo ndio waliopandwa zaidi na kotisoli, homoni ya mfadhaiko, na waliofuata ni wale wa kundi la pili. Waliopigwa kwa wakati sahihi kabisa, kwa jambo moja lililo wazi, ndio walioumia kidogo kuliko wote. Watetezi wa kola hulitaja jaribio hili kwa furaha: tazama, wakati ukiwa sahihi, madhara ni madogo. Ni kweli. Lakini walioshika rimoti katika jaribio lile walikuwa wataalamu waliofuata mpango. Mtu wa kawaida aliyerudi kazini amechoka, mbwa ameparua mlango mpya, hasira imempanda, hubonyeza baada ya tendo kwisha, hubonyeza tena, huongeza ngazi. Huyo amemweka mbwa wake katika kundi la tatu bila kujua.

Na kundi la tatu tunalijua tangu zamani. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, huko Pennsylvania, walionyesha kwamba mbwa waliokwisha kupigwa umeme wasioweza kuukwepa, hata walipowekwa baadaye mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, wengi wao hawakuruka. Walilala chini na kuyapokea. Mtu akimwona mbwa wa namna hiyo atasema, loo, mbwa huyu ametulia, amefunzwa vizuri.

Hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimhusu mbwa peke yake. Mbwa huunganisha maumivu na kile anachokiona au kukisikia wakati maumivu yanapomfika. Akipigwa wakati anambwekea mgeni, anaweza kujifunza kwamba kubweka ni kubaya. Anaweza pia kujifunza kwamba mgeni ndiye aletaye maumivu. Mwaka 2000 mtaalamu wa tabia za wanyama Richard Polsky aliandika juu ya visa vya mbwa waliowashambulia watu wakiwa katika viwanja vyenye uzio wa waya uliofukiwa. Wenye mbwa wale walikuwa wamenunua usalama, au ndivyo walivyodhani.

Sasa lichukue jambo hilo ulilete hapa. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, katika eneo lililokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumezidi 50,000. Nyumba zimeshikana. Njia ya kwenda bombani hupita mlangoni pa mtu, na mlango wa mtu ndio uwanja wa mpira wa watoto wa jirani. Mbwa aliyevaa kola hapa, kila apigwapo umeme, mbele ya macho yake yupo mtoto. Hakuna haja ya utafiti wa Ulaya kutuambia mnyama huyo atakuwa anamsoma nani. Mtu wa Area 43 ana ukuta. Akikosea, kosa lake hubaki ndani hadi geti lifunguliwe. Sisi hatuna ukuta, na kwa hiyo ninasema bila kuuma maneno: ndani ya kambi, kola ya umeme isitumike kabisa, kwa mbwa yeyote, na mtu yeyote.

Wapo watakaoniambia kwamba watu wana njaa na mwalimu anazungumza habari za mbwa. Mgao wa chakula umepunguzwa, vijana hawaruhusiwi kwenda kufanya kazi watakapo, na mimi nahesabu volti. Pingamizi hilo ni la haki na silipuuzi. Jibu langu ni kwamba mbwa aliyeharibiwa hamng'ati tajiri. Anayeng'atwa ni mtoto aliyetumwa chumvi jioni. Shirika la Afya Duniani linasema karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na asilimia 40 ya wanaoung'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Nchini humu jambo hili lina historia chungu: idadi ya watoto waliokufa kwa kichaa cha mbwa katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre iliwashtua madaktari kiasi kwamba mwaka 2015 shirika la Mission Rabies lilianza kampeni mjini humo, likachanja mbwa zaidi ya 35,000 kwa muda wa siku 20. Lengo lilikuwa kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa wote, kiwango kinachoaminika kukata mnyororo wa maambukizi. Kwa hiyo mwenye fedha ya kununua kola, na mbwa wake hajachanjwa, ameanzia mwisho.

Jina la mahali petu nalo lina la kusema. Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwatia watu waliotofautiana nao kisiasa. Kuleka katika Kichewa ni kuacha, na jina lile lilibeba tishio kwamba aliyeingia humo ataacha alichokuwa akikifanya. Hiyo ndiyo falsafa nzima ya kola ya umeme, imeandikwa kwa neno moja. Banda alipoondoka, Katiba ya mwaka 1994, katika kifungu cha 19, ilikataza adhabu ya viboko katika mwenendo wa mahakama na mbele ya chombo chochote cha Dola. Sidai kwamba mbwa ni raia. Nasema tu kwamba wananchi wa nchi hii walilijadili swali la kumfunza kiumbe kwa maumivu, wakalipa jibu walipokuwa wao ndio waliofungwa shingoni.

Kwa upande wa wanyama, Malawi inayo Sheria ya Ulinzi wa Wanyama tangu mwaka 1944, inayohesabu kuwa ni kosa kumtesa mnyama au kumsababishia mateso yasiyo ya lazima. Mwaka 1944 hapakuwa na kola za rimoti, hivyo usitarajie kulikuta jina lake humo. Neno la kushika ni lile la mwisho: yasiyo ya lazima. Kwingineko wamekwenda mbali zaidi. Wales ilipiga marufuku kola hizi mwaka 2010. Ujerumani, mahakama ya juu ya masuala ya utawala iliamua mwaka 2006 kwamba kuzitumia kumfunza mbwa ni kuvunja sheria ya ulinzi wa wanyama. Uingereza iliandaa kanuni za kuzizuia zianze Februari 2024, lakini Bunge halikukamilisha kazi. Marekani zinauzwa dukani kama viatu.

Je, mateso hayo ni ya lazima? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwachukua mbwa 63 wenye tabia za kutorudi waitwapo au za kukimbiza mifugo, yaani yale yale ambayo kola husifiwa kuyatibu. Baadhi walifunzwa kwa kola na wakufunzi waliopendekezwa na watengenezaji wenyewe, wengine kwa tuzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, na uchambuzi zaidi wa mwaka 2020, hayakuonyesha kwamba kola iliwashinda waliotumia tuzo. Ukishasoma hayo, neno lazima linabaki halina pa kushika.

Hata hivyo sheria haijakataza, na yupo msomaji wa Lilongwe mwenye uwanja, mwenye mbwa mkubwa, ambaye ameinunua tayari na hatanisikiliza. Huyo namwomba mambo machache. Mbwa wa chini ya miezi sita asivalishwe, wala mgonjwa, wala mwenye hofu, wala jike mwenye mimba. Mbwa anayeng'ata asivalishwe kamwe, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza; huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani wakati mwingine ukali ni maumivu ya sikio au ya jino. Kola ifungwe kwa kiasi ambacho vidole viwili vinapita chini yake, isikae shingoni kutwa kucha, ivuliwe baada ya saa chache na ngozi ikaguliwe, maana vijiti vile hukandamiza sehemu moja hadi ngozi hufa na kutoa usaha, hata pasipo umeme wowote. Usifungie mnyororo kwenye kola hiyo. Tumia mlio au mtetemo, uache kitufe cha umeme. Na rimoti ishikwe na mtu mmoja aliyejifunza. Asipewe mtoto aichezee, wala asiachiwe mlinzi wa usiku ambaye hajaelezwa chochote na ambaye kesho mbwa huyo atamhesabu kuwa adui wake. Ukiona masharti haya ni mengi mno, umenielewa.

Njia nyingine ni ya zamani na haina betri. Funga kamba ndefu, ya mita nane au kumi, kwenye ukanda wa kawaida. Mwache mbwa aende mbele. Mwite jina lake mara moja tu, kwa sauti ya furaha, na mara anapogeuka, kabla hata hajafika, msifu. Akifika, mpe kipande cha usipa mkavu. Wenzetu kutoka Kigoma na Uvira watasema dagaa au ndakala, na mbwa hatabishana nao kuhusu msamiati. Tuzo itolewe papo hapo. Ukikawia kwa kuhangaika mfukoni, utakuwa umemtuza kwa jambo jingine alilolifanya katikati, kama vile kukuparua. Rudia mara kumi, dakika tano, asubuhi na jioni, kwanza mahali pa utulivu, kisha penye kuku, kisha penye watoto wanaokimbia. Asipokuja usimkemee, wala usimwite mara saba, maana atajifunza kwamba jina lake ni kelele tu. Mvute taratibu kwa kamba, umpe nafasi nyingine. Kamba isiondolewe hadi wiki kadhaa zipite. Na usimwite kamwe ili umpige. Wengi hufanya hivyo, kisha hushangaa kwa nini haji.

Usipa una bei, najua. Si lazima kiwe chakula cha ziada. Chukua kile kile ambacho angekula, ukoko wa nsima uliobaki chini ya sufuria, ukigawe vipande vidogo vidogo na umpe wakati wa mafunzo badala ya kummwagia chini kwa mara moja. Mbwa wa kambini hajapata kushiba, na kwa hiyo ni mwanafunzi msikivu kuliko mbwa wa Area 12 anayeletewa nyama ya kopo.

Kuhusu kubweka, ambako ndiko majirani hugombania, mara nyingi mbwa hubweka kwa sababu amefungwa mnyororo mfupi kutwa nzima mahali anapoona kila mpita njia wala hawezi kumfikia. Mhamishie nyuma ya nyumba, mpe kivuli na maji, mtembeze alfajiri. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Msasi ni mwindaji, na methali hiyo humtazama bwana kabla ya kumtazama mbwa. Kwa Waislamu wenzetu, ambao baadhi yao hujiepusha na mate ya mbwa kwa ajili ya tohara, ukanda wa kawaida na kamba ndefu huwawezesha kumfunza mbwa wa ulinzi bila kumgusa sana, na wanazuoni wao hawakuacha kusimulia habari za aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Mjini Lilongwe ipo LSPCA, jumuiya ya kulinda na kutunza wanyama, yenye kliniki na kampeni za chanjo na za kuhasi. Viongozi wa mitaa yetu wanaweza kuiandikia, pamoja na ofisi ya mifugo ya wilaya ya Dowa, kuomba siku ya chanjo kambini. Barua iwe fupi, itaje idadi ya mbwa kwa kila mtaa, na wanafunzi wangu ndio waihesabu, kwa kuwa hesabu hiyo itakuwa pia zoezi letu la viambishi vya A/WA.

Na kama mbwa amekwisha kumng'ata mtu, mwenye mbwa asikimbilie kumfunga mbwa kwanza. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa mkononi, lisipakwe pilipili, mafuta ya gari wala majani, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo aulizie chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo na hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima. Mbwa asiuawe papo hapo. Afungwe peke yake na atazamwe kwa siku 10, daktari wa mifugo akiarifiwa.